Nje ya Darasa Wafanya Nini?

Barua imetufikia kutoka Marekani, tena si barua ya salamu tu. Aliyeiandika ni baba wa watoto 6, mwenyeji wa Fizi, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla vita havijamfukuza kwake. Alivuka ziwa, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu upande wa Kigoma, kisha akapelekwa pamoja na jamaa yake katika mji mmoja wa jimbo la Kentucky. Sasa afanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Hayo yote ayasema kwa mistari mitatu. Kurasa zilizobaki zahusu jambo ambalo, asema, limeleta ugomvi nyumbani mwake kuliko fedha.

Binti yake mkubwa yumo katika mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari, naye ataka kuingia chuo kikuu. Karatasi ya maombi yamwuliza: nje ya masomo wafanya nini? Tena chuo kimoja chamtaka achague kazi moja tu kati ya hizo, aieleze kwa maneno machache, aonyeshe ina maana gani kwake. Baba ataka aandike juu ya chama cha sayansi cha shuleni, kwa kuwa huko binti ni makamu wa mwenyekiti. Mama ataka aandike juu ya kwaya ya parokia. Binti mwenyewe hataki hili wala lile. Ataka kuandika juu ya meza ya jikoni.

"Mama yangu, meza ya jikoni nayo ni kazi?" Ndivyo baba alivyomwuliza binti yake, na yaelekea sisi pia tungaliuliza hivyo hivyo.

Sisi tuliosoma katika Kongo hatukuzoea swali la namna hii. Kwetu mwanafunzi amalizapo shule ya sekondari hufanya mtihani wa Serikali. Apatapo alama 50 kwa 100 au zaidi, hupewa diploma yenye alama zake, nayo diploma ndiyo ufunguo wa chuo kikuu. Kitivo kingine chaweza kumtahini tena mlangoni, lakini hakuna karani wa Lubumbashi wala wa Kisangani atakayemwuliza kama aliimba, kama alicheza mpira, au nani aliwaogesha wadogo zake jioni. Diploma yajibu yote. Kwa hiyo baba huyu, mwalimu wa zamani, aona kama watu wa Marekani wamchezea binti yake. Alama zake ni nzuri. Wataka nini tena?

Wataka kumjua mtu, ndivyo wasemavyo wenyewe. Na desturi hiyo ina historia, nayo si safi yote.

Mwanzoni mwa karne ya 20 vyuo vikubwa vya mashariki ya Marekani, kama Harvard, Yale na Princeton, vilipokea wanafunzi hasa kwa mtihani. Ikawa watoto wa Wayahudi, wengi wao wana wa wahamiaji, wakashinda mitihani hiyo kwa wingi. Kufika mwaka wa 1922 wanafunzi wa Kiyahudi katika Harvard walikuwa zaidi ya mmoja kwa kila watano. Mkuu wa chuo wa siku zile, A. Lawrence Lowell, aliona ni wengi mno, akataka idadi yao iwekewe mpaka. Walimu wa chuo walikataa mpaka ulio wazi. Lakini mwaka wa 1926 njia nyingine ilipatikana: tangu hapo chuo kingetazama, pamoja na alama, "tabia" ya mwombaji, picha yake, na namna alivyo kati ya watu. Kwa kipimo kama hicho kisicho na hesabu, ni rahisi kumkataa umtakaye bila kutaja sababu. Jerome Karabel, mtaalamu wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha California, alizieleza habari hizo kwa urefu katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2005.

Hatusimulii hayo ili kumkatisha tamaa binti wa Kentucky. Swali lililofunga mlango mbele ya wana wa wahamiaji miaka mia iliyopita, leo laweza kumfungulia mwana wa mhamiaji mwingine. Lakini ni vema mzazi ajue kwamba mila hii haikushuka kutoka mbinguni. Watu waliitunga, watu waibadili. Na binti akikataliwa, si roho yake iliyopimwa ikaonekana nyepesi.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Mwaka wa 1975 vyuo 15 vilipatana kutumia karatasi moja ya maombi, iitwayo Common Application. Leo vyuo zaidi ya 1,000 vyaitumia, nayo hujazwa kwa kompyuta. Mwanafunzi apewa nafasi ya kutaja kazi 10 za nje ya masomo, si zaidi. Kila moja huelezwa kwa alama 150 tu, yaani herufi pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno: ni kama sentensi mbili fupi. Aulizwa pia ni saa ngapi kwa juma, na majuma mangapi kwa mwaka. Mbali na hayo kuna insha kubwa isiyopita maneno 650. Tena vyuo vingi vyaongeza maswali yao wenyewe, na hapo ndipo huja lile la kuchagua kazi moja. Georgetown, chuo cha Wayezuiti kule Washington kilichoanzishwa mwaka wa 1789, kwa miaka mingi kimewaomba vijana waeleze maana ya ile kazi waliyoishughulikia kuliko zote. Stanford katika miaka ya karibuni kimetaka kazi moja ielezwe kwa maneno 50. Chuo Kikuu cha California, chenye karatasi yake peke yake, chakubali kazi hadi 20. Kisha mwombaji achagua maswali 4 kati ya 8, na kila jibu lisizidi maneno 350.

Katika orodha ya aina za kazi iliyomo katika Common Application, mna mahali pa michezo, pa muziki, pa dini, pa vyama vya shule. Mna pia mahali pa kazi ya mshahara, na mahali palipoandikwa "wajibu wa jamaa". Twaomba kila mzazi Mkongo aliye Marekani asome tena maneno hayo. Kulea wadogo, kupika, kumtunza bibi mgonjwa, kufuatana na mama ofisini ili kumfasiria: yote yana mahali pake pa kuandikwa, sawasawa na mpira wa kikapu. Na hao wa Stanford waliotaka maneno 50 walisema wazi kwamba kazi yenyewe yaweza kuwa ya mshahara au ya nyumbani. Mwaka wa 2016 shule ya elimu ya Harvard ilitoa taarifa iitwayo "Turning the Tide", nao wakuu wengi wa ofisi za kupokea wanafunzi waliiunga mkono. Ilivishauri vyuo vipende kazi chache zenye maana kuliko orodha ndefu, tena vihesabu mchango wa kijana nyumbani kwao, hasa mahali ambapo jamaa haina mali. Kumbe wale waulizao walikwisha kufikiri juu ya watoto wetu. Ni sisi tuliodhani ya kuwa mambo ya nyumbani hayasemwi.

Basi meza hiyo ya jikoni ni nini?

Kila Dominika baada ya Misa majirani waja na bahasha zao. Ni barua za mwenye nyumba, za shule, za shirika la umeme, za bima ya matibabu, na mara nyingine za mahakama. Wengi wa wazee wale wajua kusoma Kiswahili, wengine Kifaransa pia, lakini Kiingereza cha karatasi za Serikali kimewashinda. Binti akaa mezani, afungua bahasha, asoma kimya mpaka mwisho, ndipo aeleza. Alianza akiwa na miaka 12. Anayo daftari: upande mmoja maneno ya Kiingereza, upande wa pili Kiswahili chake, na palipokosa neno alitunga mwenyewe. Zile fedha ambazo mgonjwa hulipa kwanza kabla bima haijaanza kulipa, aliziita "kizingiti". Sasa mtaa mzima wasema kizingiti. Mzee mmoja alikwenda mbele ya karani wa hospitali akauliza kwa Kiswahili kizingiti chake ni dola ngapi, akashangaa kwamba karani hakuelewa.

Baba ayaandika hayo kama mambo ya kuchekesha, kisha arudi kwenye hoja yake. Katika meza ile, asema, hakuna aliyemchagua binti. Hana cheo, hana cheti, hana mwalimu wa kushuhudia. Lakini katika chama cha sayansi yeye ni makamu wa mwenyekiti, na jina lake limechapwa.

Hoja hiyo si ya upuuzi. Sisi Wakongo twajua thamani ya karatasi yenye muhuri. Wangapi wamepoteza mashamba yao kwa kuikosa! Hata hivyo baba alitufanyia hisani akatutilia nakala ya insha ya kwanza, ile ambayo binti aliiandika kwa kumtii. Tumeisoma mara mbili. Ni Kiingereza safi. Yasema kwamba katika chama cha sayansi alijifunza uongozi, ushirikiano, na faida ya bidii. Yasema kwamba aliona furaha kuwatia wenziwe moyo. Tulipoimaliza hatukumwona mtu. Maneno yale yangeweza kuandikwa na kijana yeyote kati ya maelfu, na siku hizi hata mashine ya kompyuta yaweza kuyatunga kwa dakika moja, bila kuwahi kuingia katika chama chochote. Binti alipoulizwa na mama yake chama hicho hukutana lini, alikiri kwamba mwaka uliopita kilikutana mara 4.

Juu ya kwaya twaona haya kidogo kusema, maana gazeti la wamisioni lingetazamiwa kumwunga mama mkono. Binti aimba kweli, hakosi mazoezi, apenda. Lakini aimba kati ya watu 40. Hakuianzisha kwaya ile, haifundishi, wala haijamletea shida aliyopaswa kuitatua peke yake. Kijana mwingine aliyejifunza ngoma kwa kusikiliza tu, kisha akawafundisha wadogo waliokuwa wakizurura nje ya kanisa, huyo aandike juu ya kwaya, tena asisite. Kinachotazamwa ni mahali penyewe kijana alipotumia kichwa chake na mikono yake.

Tukiulizwa kijana atapajuaje mahali hapo, twamshauri ajiulize hivi: nikiacha kazi hii kesho, nani atakuja kunitafuta? Chama cha sayansi kingepata makamu mwingine kabla ya mkutano ujao. Kwaya ingemkosa, ingeimba. Lakini Dominika ambayo binti yule hakaa mezani, watu wangebisha hodi mpaka usiku. Kisha ajaribu kusimulia siku moja ya kazi hiyo, saa kwa saa, kwa maneno anayotumia akisema na rafiki yake. Akishindwa kupata hata siku moja ya kusimulia, kazi hiyo ibaki katika orodha ya zile 10, isiingie katika insha. Tena atazame watakaomwandikia barua za kumshuhudia watasema nini: mwalimu wa kemia akisema habari za maabara, kwa nini yeye aseme zilezile? Nafasi ni ndogo mno kwa kurudia. Na kazi iliyoanzwa mwezi wa Oktoba wa mwaka wa mwisho, kwa ajili ya karatasi tu, ina harufu yake. Watu waliosoma maombi elfu nyingi huinusa upesi.

Hapa lakini twakuta kizuizi kingine, nacho kimo ndani ya malezi yetu wenyewe. Tumewafundisha watoto wasijisifu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: nani kati yetu hakuambiwa hivyo na bibi yake? Kijana aliyelelewa vizuri aketi chini mbele ya wakubwa, angoja kuulizwa, na akiulizwa ajibu kifupi. Mbele ya karatasi ya Marekani kijana huyo haonekani kabisa. Binti wa Kentucky alimwambia baba yake, "Baba, naona haya kuandika kwamba nawasaidia watu. Ni kama kuwadai."

Twamwona ana haki, na hata hivyo iko njia. Aisimulie kazi yenyewe. Kusema "mimi ni kiongozi mwenye huruma" ni kujitembeza. Kusema "Dominika ile zilikuja barua 6, na ya tatu ilikuwa ya kumfukuza mama mmoja katika nyumba yake, nami nilipaswa kuchagua neno la kumwambia" si kujisifu, ni kueleza. Msomaji ndiye atakayesema ni huruma, akitaka.

Kwa upande mwingine wako wasioona haya hata kidogo. Mwezi wa Machi wa 2019 waendesha mashtaka wa Serikali kule Boston walitangaza mashtaka juu ya watu wapatao 50, kati yao wazazi matajiri na walimu wa michezo wa vyuo. Wazazi walikuwa wametoa fedha nyingi ili watoto waonekane wachezaji mashuhuri wa michezo ambayo wengine hawakuicheza kamwe. Walipigwa picha juu ya mashine ya mazoezi ya kupiga makasia, au kichwa cha mtoto kilibandikwa kwa ufundi juu ya mwili wa mchezaji wa kweli. Wazazi kadhaa walifungwa gerezani. Sisi hatuna fedha za kununua uongo mkubwa namna hiyo, lakini uongo mdogo twauweza. Baba yetu alitaka binti aandike saa 10 kwa juma. Binti alihesabu, akapata saa 3, majuma 48 kwa mwaka. Akaandika 3. Tena Chuo Kikuu cha California huchagua baadhi ya waombaji na kuwadai ushuhuda wa yale waliyoyaandika. Lakini hata pasipo hayo, saa 3 kwa majuma 48 kwa miaka 5 ni hesabu nzito kuliko 10 za hewani.

Wako pia walimu wa Kimarekani ambao kwa nia njema humwambia mtoto mkimbizi: andika juu ya vita, andika juu ya kambi. Wadhani hilo ndilo atakalosoma mtu kwa machozi. Binti huyu alizaliwa kambini. "Vita sivikumbuki," alimjibu mwalimu wake, "nakumbuka foleni ya maji." Mwezi wa Juni 2023 mahakama kuu ya Marekani ilivikataza vyuo kumpa mtu nafasi kwa sababu ya rangi yake, lakini ikasema kwamba mwombaji aweza kueleza namna jambo hilo lilivyogusa maisha yake mwenyewe, na chuo kikayafikiri hayo. Basi mlango wa kusimulia uko wazi kwa apendaye. Lakini kupenda kuwe kwake. Mtoto hana deni la kuonyesha kidonda chake ili apate shule. Na kama apenda kueleza namna anavyotengeneza baiskeli za jirani, hiyo yatosha kabisa.

Neno moja tena kwa wazazi wanaokosa usingizi, kisha turudi mezani. Si vyuo vyote viulizavyo haya. Vyuo vya miaka miwili, ambavyo cha kwanza kilianza Joliet katika jimbo la Illinois mwaka wa 1901, kwa kawaida humpokea kila mwenye cheti cha sekondari, pasipo insha, na ada yake ni ndogo. Baada ya miaka hiyo mwanafunzi aweza kuhamia chuo kikuu. Wengi wa wana wetu wamepita huko, na hawana la kuonea haya. Kwa wale waombao vyuo vikubwa, ada ya maombi yaweza kusamehewa kama mapato ya nyumba ni madogo. Mshauri wa shule ndiye wa kuulizwa. Tajiri huajiri mtu wa kumwongoza mwanawe katika mambo haya. Binti yetu alikuwa na baba, mama, na ugomvi wao.

Na ugomvi wenyewe, mwishoni, haukuwa wa baba. Baba alipokwisha kukubali meza, mama ndiye aliyekataa.

Sababu yake ni hii. Katika insha yake ya pili binti alisimulia pia siku aliyomfasiria mama yake kwa daktari. Daktari aliuliza, kama waulizavyo huko, maumivu ni mangapi toka 0 mpaka 10. Binti akafasiri. Mama akajibu, "Maumivu si mahindi, mtu ayahesabu." Mtoto wa miaka 13 akakaa katikati, daktari akingoja namba na mama akimtazama, mwisho akasema 8, namba ambayo mama hakuisema. Tangu siku ile, aliandika, ajua kwamba mfasiri aweza kumwekea mtu neno kinywani, na kwamba aogopa kufanya hivyo tena. Kwetu sisi hapo ndipo insha ilipoanza kusema. Lakini mama alisikia jambo moja tu: ugonjwa wake unapelekwa kwa wageni.

Ni lazima tusimame kidogo hapa. Kwanza, siku ile haikupasa kutokea. Sheria ya Marekani yaamuru hospitali zipokeazo fedha za Serikali zimpe mgonjwa mkalimani bila malipo, wala haziruhusiwi kumtegemea mtoto, isipokuwa kwa dharura. Wazazi hawakulijua hilo, wala hakuna aliyewaambia. Msomaji uliye huko, ukiingia hospitalini, taja lugha yako na umwombe mkalimani. Ni haki yako, tena mtoto wako atabaki mtoto. Pili, kazi za namna hii, zilizo bora kwa kuandikwa, ndizo zilizojaa siri za wengine. Anayeandika juu ya mpira aandika habari zake. Anayeandika juu ya meza ile aandika deni la jirani, kesi ya jirani, tumbo la mama yake. Je, ni mali yake hata aitoe?

Tulimjibu baba kwamba sisi twaona si mali yake peke yake, na kwamba binti awaendee wenye habari awaombe ruhusa. Tuliongeza kwamba majina yaondolewe, na mambo ambayo mtaa ungeyatambua yaondolewe pia, hata kama insha itapungua utamu. Mama akikataa, yakome. Hatukufurahi kuyaandika hayo, maana tulijua ni ukurasa gani ungepotea.

Mwezi wa Januari barua ya pili ilifika. Majirani wawili walikubali. Wa tatu alikataa, na habari yake ilitolewa. Kwa mama, binti alifanya kama afanyavyo kila Dominika. Alimketisha upande wa pili wa meza, akaisoma insha yote kimya mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, bila kuruka. Baba alisimama mlangoni na viatu vya kazi mkononi. Walipofika pale pa daktari mama aliinua mkono, binti akanyamaza. Muda mrefu hakusema kitu. Ndipo akauliza, "Wewe ulisema 8?"

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa zaidi." Kisha akasema jina la ugonjwa lifutwe, na jina la hospitali pia, hilo la mahindi liachwe, kwa kuwa alilisema kweli.

Insha ilipelekwa usiku ule ule, saa moja kabla ya nafasi kufungwa. Majibu yatoka mwisho wa Machi. Baba asema kwamba Dominika iliyofuata mezani palikuwa na bahasha 4, na moja ilikuwa yake.